Shajara ya mradi: Pasaka ya watoto nyumbani, Lubumbashi 2025

Jumamosi, 29 Machi. Mpango

Watoto ni 12, mdogo ana miaka 3, mkubwa 11. Kuna baraza yenye paa, mbabula mbili (majiko ya makala, yaani makaa), sufuria nzito moja yenye kifuniko cha bapa, na friji inayofuata umeme: ukikatika, nayo inalala. Oveni hakuna. Pasaka mwaka huu ni Jumapili 20 Aprili, kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Waorthodoksi pamoja, jambo lisilotokea kila mwaka.

Mapishi mengi ya Pasaka yanayozunguka kwenye simu hudhani kila nyumba ina oveni, friji, mayai meupe na chupa nne za rangi ya chakula. Mzazi wa Katuba au Kampemba, mitaa ya mji wetu, anasoma mstari wa kwanza, anaona hana, anaacha. Sisi tunaandika kwa ajili ya mzazi huyo. Vyote vilivyomo humu vinafanyika kwa makala, sufuria na soko la kawaida.

Ratiba tumeipanga kwa kutazama mambo mawili tu: kipi kinachelewa, kipi kinaharibika. Udongo, karatasi na mbegu vinachelewa, kwa hiyo vinaanza mapema. Yai lililochemshwa na mkate vinaharibika, kwa hiyo vinangoja Jumamosi Kuu. Anayeanza na kuchemsha mayai siku ya Matawi atakuwa na mayai mabovu siku ya Pasaka na bustani yenye udongo mbichi.

Kazi ya leo ni moja: kuweka mfuko wa kitambaa jikoni na kuanza kukusanya maganda makavu ya vitunguu, ya nje kabisa, yale yanayovunjika kama karatasi. Maganda ya vitunguu 12 hadi 15 yanatosha lita 1 ya rangi. Yasiwekwe kwenye sashe ya plastiki. Yakibaki na unyevu yanaota ukungu, na ukungu huo unaingia kwenye rangi. Mwanamke anayeuza vitunguu sokoni ana maganda mengi chini ya meza yake na huyatupa jioni; akiombwa kwa adabu anayatoa bure.

Jumamosi, 5 Aprili. Bustani ya udongo na yai kubwa la karatasi

Bustani ya Pasaka ni sinia yenye kilima, pango la kaburi lenye jiwe la kuviringisha mlangoni, misalaba mitatu ya vijiti juu, na majani mabichi yanayoota mbele. Mtoto wa miaka 5 anaielewa kuliko maelezo yoyote, kwa sababu jiwe analisogeza kwa mkono wake.

Udongo mzuri kwa kazi hii ni wa kichuguu. Lubumbashi imejaa vichuguu vikubwa, na mafundi wa matofali wanajua kwa nini wanavipenda: mchwa wameshasaga udongo, ni laini na unashikana. Ubaya wake ni kwamba unapokauka unasinyaa sana na kupasuka. Tiba yake ni mchanga: sehemu 3 za udongo uliochekechwa kwa sehemu 1 ya mchanga laini, maji kidogo kidogo hadi kipande ulichoviringisha kama kidole kiweze kukunjwa bila nyufa. Kuta za pango zisizidi unene wa sentimita 2. Zikiwa nene, ngozi ya nje hukauka na kusinyaa wakati ndani bado pana maji, na hapo ufa hauna dawa. Kausha kivulini, sinia ikiwa imefunikwa kwa kitambaa chepesi siku mbili za kwanza. Jua la saa saba mchana ndilo adui.

Neno moja la tahadhari kwa mji wetu: udongo usichukuliwe kando ya njia za malori ya madini, wala upande wa viwanda vya zamani vya kuyeyusha shaba. Udongo wa sehemu hizo una metali ambazo hazifai kwa mikono inayoingia mdomoni. Chukua mbali na huko, na watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula chochote.

Yai kubwa la karatasi, la kutiwa zawadi na kupigwa kwa fimbo siku ya Pasaka, limeanza siku hiyo hiyo. Gundi yake ni ya unga wa muhogo. Koroga vijiko 3 vya chakula katika nusu kikombe cha maji baridi, mimina polepole ndani ya vikombe 2 vya maji yanayochemka, koroga hadi weupe uondoke na gundi ing'ae. Tia kijiko kidogo cha chumvi ili ukungu usianze. Ukimwaga unga mkavu moja kwa moja kwenye maji moto utapata mabonge, na mabonge hayo yanaacha vinundu juu ya yai.

Puto lipulizwe hadi ukubwa wa kichwa cha mtoto, lisikazwe sana. Magazeti yachanwe kwa mkono kuwa vipande vya upana wa sentimita 3, yasikatwe kwa mkasi: ukingo uliochanwa unalala vizuri, uliokatwa unaacha ngazi. Safu ya kwanza iende wima, ya pili mlalo, ya tatu wima tena, na kila safu ikauke kabla ya ijayo. Mvua za mwisho za msimu bado zinapiga, kwa hiyo safu moja inaweza kuchukua siku nzima hadi siku mbili. Usiliweke juani. Hewa ya puto hupanuka mchana na kuchana karatasi mbichi, jioni inasinyaa na kuacha shimo ubavuni. Litundikwe barazani mahali penye upepo, na kwenye fundo la puto paachwe tundu la sentimita 6 la kutilia zawadi.

Hali: udongo unakauka, yai lina safu moja.

Jumatano, 9 Aprili. Mbegu

Ulezi umepandwa leo, siku 11 kabla ya sikukuu. Ukiloweshwa usiku mmoja na kutandazwa juu ya udongo wenye unyevu, huanza kutoa mizizi baada ya siku 2 au 3, na kufikia Pasaka unakuwa na majani ya urefu wa kidole. Mtama ni mzuri pia, majani yake ni mapana zaidi. Mbegu zitoke kwa muuzaji wa nafaka ya kula. Mbegu za duka la kilimo mara nyingi zimepakwa dawa, na mtoto atazishika tu.

Nusu zake zimeingia kwenye sinia ya bustani, mbele ya pango. Nusu nyingine kwenye maganda ya mayai yaliyovunjwa upande wa juu, kila ganda likiwa na tundu dogo la sindano chini. Ganda lisilo na tundu linageuka kisima, na mbegu zinaoza kabla ya kuota. Nyunyizia kwa vidole, asubuhi na jioni. Mtoto akipewa kikombe atamwaga chote kwa upendo wake, na mbegu zitakusanyika kona moja.

Ganda hilo lichorwe uso kwa kalamu: macho, mdomo, masikio ya sungura ya karatasi. Majani yakiota yanakuwa nywele. Kazi ya kila asubuhi ya mtoto ni kuangalia kama nywele zimeota, na kwa watoto wa miaka 3 hadi 5 hii ndiyo shughuli bora ya mradi mzima.

Jumamosi, 12 Aprili. Mayai matupu na rangi baridi

Mayai ya kutundika na ya kuficha hayachemshwi; yanatobolewa na kutolewa ute. Sababu ni afya. Yai lililochemshwa halifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, na yai lililofichwa nyuma ya chungu cha maua linaweza kukaa humo hadi Jumatatu.

Jinsi ya kulitoa: osha yai kwa sabuni, likauke. Toboa ncha zote mbili kwa sindano nene ya kushonea. Upande wa bapa panua tundu hadi milimita 3 au 4. Ingiza waya mwembamba ukoroge kiini hadi kipasuke. Kiini kizima hakipiti kwenye tundu hilo, na ndiyo maana watu hupuliza hadi mashavu yanauma bila kitu kutoka. Chukua bomba la sindano la plastiki la mililita 10 kutoka duka la dawa, bila sindano yake, liweke juu ya tundu dogo na usukume hewa. Ute unatoka chini kwenye bakuli. Kupuliza kwa mdomo tumekuacha kabisa, kwa sababu ganda bichi linaweza kuwa na salmonela. Kisha jaza maji ya sabuni kwa bomba hilo hilo, tikisa, mwaga, suuza mara mbili. Ute wote upikwe siku hiyo hiyo. Kiamshakinywa cha Jumamosi kikawa kimanda chenye nyanya na kitunguu, na maganda ya kitunguu hicho yakaingia mfukoni.

Sasa rangi. Mayai ya kuku wa kisasa sokoni kwetu ni ya kahawia. Ya kienyeji ni meupe au yana weupe wa maziwa. Tofauti hii inaamua kila kitu. Rangi nyepesi hazionekani juu ya yai la kahawia, kwa hiyo ya kienyeji tunayaweka kwa rangi baridi na ya kahawia kwa vitunguu.

Kabeji ya zambarau: gramu 400 zilizokatwa nyembamba, lita 1 ya maji, ichemke dakika 30, chuja, tia vijiko 2 vya chakula vya siki. Maji yanakuwa ya waridi, na watoto wote hutabiri yai la waridi. Yai linatoka la buluu. Rangi ya kabeji hubadilika kwa uchachu: kwenye asidi ni nyekundu, kwenye ganda la yai, ambalo ni chokaa, inageuka buluu. Acha watoto wauone mgeuko huo wenyewe kabla ya kuwaeleza. Juu ya yai la kahawia kabeji hiyo hiyo inatoa kijivu chenye ukijani, ambacho si kibaya, ila si cha sikukuu.

Manjano, kile kiungo cha unga: vijiko 3 vya chakula kwa lita 1, ichemke dakika 15. Inatoa njano kali kwenye yai jeupe na dhahabu kwenye yai la kahawia. Inashika nguo pia na haitoki, kwa hiyo fulana za zamani zivaliwe siku hiyo.

Betrave (biti): inaahidi mengi kuliko inavyotoa. Maji ni mekundu kama divai, yai linatoka la waridi hafifu linaloelekea udongo. Tumeiondoa kwenye orodha. Maua makavu ya ngaingai (rozela) yanatoa zambarau ya moshi yenye madoa. Yana asidi yake, kwa hiyo usitie siki, na yai lisikae humo zaidi ya saa moja, la sivyo ganda linachubuka.

Siki inafanya kazi kwa kula ganda kidogo ili rangi ishike. Vipovu vinavyoonekana juu ya yai ni hewa ya kaboni inayotoka kwenye chokaa. Vijiko 2 kwa lita vinatosha. Ukizidisha, tabaka la juu la ganda hutoka pamoja na rangi, na yai likiguswa linaacha unga kwenye vidole.

Tatizo kubwa la mayai matupu kwenye rangi ni kwamba yanaelea, na upande mmoja unabaki mweupe. Jaza yai rangi hiyo hiyo kwa bomba la sindano hadi lizame. Baadaye litobolewe tena kama tundu limeziba, na limwagwe. Kuyageuzageuza kwa kijiko usiku kucha hakufai. Kila linapogusa kijiko linabaki doa.

Michoro: mtoto achore juu ya ganda kavu kwa kipande cha mshumaa mweupe kabla ya kulitia kwenye rangi. Nta inazuia rangi. Hii ni kwa rangi baridi tu, maana kwenye maji moto nta inayeyuka na mchoro unapotea. Msalaba, samaki, jina la mtoto: herufi kubwa zinatoka vizuri, ndogo zinaungana.

Hali: mayai matupu yako kwenye rangi tangu jioni. Yai la karatasi limemaliza safu ya tatu.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Mayai yametoka kwenye rangi asubuhi, yamekaushwa juu ya misumari iliyopigwa kwenye ubao, yakapakwa mafuta ya kula kwa kitambaa. Kabla ya mafuta rangi imefifia kama chaki. Baada yake inaamka.

Baada ya misa, majani ya mtende yasukwe yakiwa mabichi. Msalaba mdogo unahitaji ukanda wa upana wa sentimita 1 na urefu wa 40. Jani lililokaa nusu siku juani linavunjika kwenye mkunjo. Likiloweshwa maji ya vuguvugu kwa saa moja linalainika tena.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili. Kengele, viota vya bisi, mayai ya maziwa

Kengele za kanisa Katoliki hulia kwenye Utukufu wa misa ya leo jioni, kisha hunyamaza hadi mkesha wa Jumamosi. Watoto wa Ubelgiji na Ufaransa huambiwa kwamba kengele zimekwenda Roma na zitarudi na mayai, na simulizi hilo limefika kwetu pamoja na shule za mapadre. Linafaa sana kwa kazi ya mikono. Kila mtoto anapewa kopo la yogati, tundu katikati ya kitako, uzi wenye fundo ndani, na vifuniko viwili vya soda vilivyobondwa kwa nyundo hadi kingo zisikate. Kopo la bati linalia vizuri zaidi, lakini ukingo wake ubanwe kwa koleo na kufunikwa utepe. Kengele zinawekwa kabatini hadi Jumapili, na watoto wanazilinda kwa uaminifu mkubwa.

Viota vya bisi. Vifaa: gramu 60 za mahindi ya bisi (zinatoa lita 2 hivi), gramu 120 za sukari, gramu 40 za majarini, vijiko 2 vya chakula vya asali, vijiko 2 vya maji, chumvi kidogo. Asali ya misituni ya Katanga ni nyeusi na ina harufu ya moshi. Usiongeze zaidi ya vijiko 2, itafunika kila kitu.

Bisi zikishapasuka ziwekwe kwenye sufuria pana na zitikiswe ili zisizopasuka zishuke chini. Punje moja ngumu inavunja jino la maziwa. Sharubati ichemke kwa moto wa wastani bila kukorogwa baada ya sukari kuyeyuka, maana kijiko kinaleta chembe na chembe zinaita nyingine hadi sufuria nzima inakuwa mchanga. Lubumbashi iko juu kidogo ya mita 1,200, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na vipimo vya sukari vilivyoandikwa kwa miji ya pwani vinashuka nyuzi 4 pia. Kipimo cha bakuli la maji baridi hakidanganyi popote: dondosha tone, likusanye kwa vidole. Likiwa laini kama ubani uliotafunwa, bado. Likishika umbo la mviringo na kukataa kubonyea kwa urahisi, toa mara moja. Ukitoa mapema, viota vinakuwa vizuri leo na kesho vimelegea kama mkate uliomwagiwa chai.

Sharubati inashikwa na mtu mzima peke yake. Inaunguza kuliko maji ya moto kwa sababu inagandana na ngozi. Watoto wanaingia baada ya bisi kuchanganywa na kupoa kiasi cha kushikika, mikono ikiwa imepakwa majarini. Kila mmoja anachukua gao moja, analibonyeza juu ya kitako cha kikombe kilichopakwa mafuta, na kiota kinapatikana. Muda ni mfupi, dakika 4 au 5, kisha mchanganyiko unakuwa mgumu. Ukiganda kabla watoto hawajamaliza, rudisha sufuria juu ya makala hafifu kwa dakika moja.

Watoto walio chini ya miaka 4 wasipewe bisi wala karanga nzima, zinakaba koo. Hao wanafanya viota kwa karatasi iliyokatwakatwa na gundi ya muhogo, na Jumapili wanapata mkate.

Mayai ya maziwa ya unga hayahitaji moto mwingi, na mkono wa mtoto ndio mashine yake. Gramu 100 za sukari na mililita 60 za maji zichemke dakika 1 tu, ziondolewe, zitiwe gramu 50 za majarini, zipoe hadi vuguvugu. Maziwa ya unga gramu 250 yaingie kijiko kwa kijiko huku ukikanda. Bonge likiacha kushika mikono, acha. Likipasuka ukiviringisha, tia tone la maji. Sharubati ikiwa moto, maziwa yanajikunja na kuwa punjepunje, na hilo halitengenezeki. Gawanya vipande vya gramu 15, viringisha, chonga ncha moja. Tia kidogo cha manjano kwenye sehemu moja ya bonge na unga wa kakao kwenye nyingine, kisha zikande pamoja mara mbili tatu tu: yai linatoka na mistari kama marumaru.

Vyote vimeingia kwenye makopo yenye vifuniko, na makopo yamesimama ndani ya beseni lenye maji vidole viwili. Sisimizi hawavuki. Vinakaa siku 3 mahali pa baridi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Hakuna jiko la sikukuu leo. Jioni watoto wameweka kitambaa cheupe ndani ya pango la udongo na kuviringisha jiwe mlangoni. Kuta zimekauka bila ufa mkubwa. Nyufa ndogo zimezibwa kwa udongo mwepesi na kidole. Ulezi mbele ya kaburi uko kwenye urefu wa sentimita 5.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili. Mayai mekundu na mikate ya sungura

Mayai ya kula yanapikwa leo. Tumechagua yaliyokaa wiki moja tangu kutagwa. Yai bichi la jana halimenyeki: ute wake bado una hewa ya kaboni nyingi na unashikana na utando wa ganda. Likikaa siku kadhaa hewa hiyo inatoka na utando unaachia.

Maganda ya vitunguu yaliyokusanywa tangu Machi yamechemshwa dakika 30 kwa lita 2 za maji, yakachujwa, vijiko 4 vya siki, kisha yakaachwa yapoe. Kupoa ni lazima. Yai linaloingia kwenye maji yanayochemka linapasuka. Linaloanza na maji baridi na kupanda nayo linabaki zima. Kabla ya kuingia, mayai mengine yamevishwa jani la karoti au giligilani lililopakwa ute wa yai ili lishike, kisha yakakazwa ndani ya kipande cha soksi nyembamba ya nailoni na kufungwa uzi nyuma. Soksi ikilegea, rangi inapenya chini ya jani na umbo linapotea. Maji yakianza kuchemka, hesabu dakika 12. Kwa pwani 10 zingetosha, kwa mwinuko wetu kiini kinabaki na unyevu katikati. Kisha kwenye maji baridi mara moja. Yakiachwa kwenye joto, chuma cha kiini na salfa ya ute vinakutana na kutengeneza ule mviringo wa kijani. Haudhuru, ila watoto wanaukataa.

Mayai ya kahawia yametoka na wekundu mzito wa mti wa mninga. Fungua soksi, ng'oa jani, na mishipa yake yote iko pale, hadi ile midogo ya pembeni. Watoto wakubwa wamekaa kimya wakilitazama.

Mikate ya sungura, vipande 15: unga wa ngano gramu 500, maziwa ya vuguvugu mililita 250, sukari gramu 60, majarini gramu 50, yai 1, chachu kavu gramu 5, chumvi gramu 8. Maelekezo ya pakiti yanasema chachu gramu 7. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi na unga unaumuka haraka. Ukitia zote unapata mkate wenye mashimo na harufu ya pombe. Kanda dakika 12, uache uumuke hadi karibu mara mbili, bonyeza, gawanya vipande vya gramu 60.

Kila kipande kitolewe donge dogo la mkia. Kilichobaki kiviringishwe kuwa kamba ya sentimita 25, kipindwe nusu, kisokotwe mara mbili: ncha mbili za juu ni masikio, donge linabandikwa kwenye tundu la chini kwa maji. Kamba nene inatoa sungura asiyejulikana, maana akiumuka masikio yanameza kichwa. Iwe nyembamba kuliko unavyodhani. Acha dakika 20, paka kiini cha yai.

Oveni ya sufuria: mchanga mkavu sentimita 2 chini, mawe matatu madogo, sahani ya bati juu yake, kifuniko, makala juu ya kifuniko. Theluthi moja ya makala chini, mbili juu. Watu wengi hufanya kinyume, na mkate unaungua kitako huku uso ukibaki mweupe. Pasha dakika 15, kisha weka kijiko kidogo cha unga kwenye sahani ya bati: ukiwa na rangi ya dhahabu baada ya dakika 5, joto ni la wastani na mikate iingie. Ukiwa mweusi, punguza makala ya juu. Dakika 20 hadi 25, na kifuniko kisifunguliwe kabla ya 15. Mbabula ibaki barazani hata mvua ikinyesha. Moshi usioonekana wa makala unaua ndani ya chumba kilichofungwa.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Asubuhi jiwe limeondolewa, kitambaa kimekunjwa, na kengele za yogati zimelia kwa pamoja. Kelele ni kubwa. Majirani waambiwe mapema.

Kutafuta mayai kunahitaji sheria ndogo, la sivyo wakubwa wanamaliza kabla ya wadogo kufunga viatu. Kila umri una rangi yake: njano kwa walio chini ya miaka 5, yamefichwa chini ya kiuno na nusu yakionekana, buluu kwa wa kati, zambarau kwa wakubwa, na hao wanasoma kikaratasi chenye fumbo kinachoelekeza kwenye kingine. Idadi ni sawa kwa kila mtoto, na mzazi ana karatasi yenye orodha ya maficho yote.

Kisha mchezo wa kugonganisha mayai mekundu, ambao familia za Kiorthodoksi za mjini, zenye asili ya Ugiriki, wanaucheza tangu zamani. Wawili wanashika mayai yao, ncha kali kwa ncha kali, mmoja anagonga mara moja. Lililopasuka linaliwa pale pale. Lishike ndani kabisa ya ngumi, ncha tu ikitokeza juu ya kidole gumba: ngumi inayozunguka ganda inalizuia kufunguka, na yai lililoshikwa juujuu linapasuka kwanza. Mayai yametolewa kwenye friji kidogo kidogo, na hakuna lililovuka saa 2 juu ya meza.

Yai kubwa la karatasi limepigwa kwa fimbo mwishoni. Safu tatu ni ngumu kwa mtoto wa miaka 4. Kwa wadogo safu mbili zinatosha, au tundu likatwe ukanda wa kuvuta.

Jumatatu, 21 Aprili. Kufunga

Mayai matupu yamefungwa kwa karatasi moja moja na kurudi kwenye trei yao, trei juu ya kabati, mbali na panya. Manjano hufifia juani, kabeji hufifia hata kivulini, kitunguu hakibadiliki. Kwa hiyo ya kudumu yawe ya kitunguu. Mikate iliyobaki imechomwa vipande na kuliwa na chai. Ulezi umehamishiwa bustanini pamoja na maganda yake, yaliyobonyezwa kidogo ili mizizi ipite.

Pasaka ya 2026 kwa Wakatoliki na Waprotestanti ni 5 Aprili, wiki mbili mapema kuliko hii na karibu zaidi na mvua kubwa. Karatasi na udongo vianze katikati ya Machi. Ulezi upandwe 25 Machi. Mfuko wa maganda ya vitunguu umeoshwa na umerudishwa kwenye msumari wake jikoni.